Kumweleza Melkiori Ninachoamini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Mushasha, pale Gitega, nikiwa nimevaa koti nililolivaa siku ya kumaliza chuo kikuu, na ndani ya begi nina tasnifu yangu juu ya hoja za kuwepo kwa Mungu. Niliajiriwa katika ofisi ya mafundisho ya dini kwa watu wazima. Kazi yenyewe ofisini tuliiita maelezo. Maana yake ni kukaa na watu wasioamini, au walioacha kuamini, na kuwaeleza imani ya Kikristo kwa maneno wanayoweza kuyapima wenyewe. Katekista alikuwa na kazi nyingine: aliwafundisha wale waliokwisha kusema ndiyo, katika muda wa kujiandaa kwa ubatizo unaoitwa ukatekumeni. Sisi wa maelezo tulikaa nje ya mlango huo, na wengi tuliozungumza nao hawakuingia kamwe. Ninawaandikia mnaoanza kazi hii leo, msije mkadhani ilikuwa na sifa kubwa.

Asubuhi ile walikuja walimu wa sekondari ya jirani. Mwalimu wa hesabu alisema kwamba yeye hana dini, kisha akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kuketi. Nikaanza. Nilitoa hoja ya mwendo, nikatoa hoja ya sababu, nikarudi nyuma kufafanua tofauti yao. Chai ilipoa vikombeni. Padri Mkurugenzi, mtu mrefu mwenye kusema polepole, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Walimu walipoondoka akaniita.

"Umejibu vizuri sana," alisema. "Nani aliuliza?"

Nikaanza kukusanya vikombe, jambo la kwanza la maana nililofanya siku ile.

Yeye ndiye aliyenifundisha ziara kavu. Ziara kavu ni kumtembelea mtu bila kutaja dini hata kidogo. Kanuni ya ofisi ilitaka ziara kavu mbili kwa kila mtu. Katika ya tatu ungeweza kusema, lakini endapo tu umeulizwa. "Donc, ukienda kwa mtu, dini uiache hapa," Padri Mkurugenzi aliniambia kwa Kiswahili chake cha Gitega, kilichochanganyika na Kifaransa. "Itakungoja. We unasalimia, unauliza habari ya mihogo. Mungu akitaka kuongelewa, iko na njia yake." Alinifundisha pia neno ushuhuda kwa maana ya kikazi. Kwake, ushuhuda haukuwa kupaza sauti. Ulikuwa kusema yale tu ambayo mtu akikuuliza zaidi unaweza kuendelea kuyajibu mwenyewe, bila kukimbilia kitabu.

Alinituma kwanza Makebuko, kwenye kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Siku za soko nilizunguka kati ya wauza maharage nikifanya ziara kavu ambazo zilikuwa kavu kweli, maana hakuna aliyetaka kuzungumza nami. Mkulima mmoja alinihurumia. Aliniuliza nilisomea nini, nikamwambia nilisomea mambo ya Mungu.

"Ulisoma ili umtafute, au alikuwa ameshapatikana?"

"Nilisoma ili nipate kazi," nilijibu.

"Basi wewe mkweli. Kaa."

Nadhani hayo ndiyo maelezo yangu ya kwanza yaliyofaulu.

Baadaye nilihamishiwa Muyinga. Baada ya miaka ya vita amani ilikuwa imerudi, na watu walikuwa wanarudi nayo. Malori yalishusha familia zilizokaa Tanzania miaka mingi, pamoja na mabati, majembe na watoto waliowaamkia "shikamoo" watu wasiojua waitikie nini. Waliorudi walikuwa wakulima, wengi wao Wakristo, na walizungumza Kiswahili safi kuliko changu cha shuleni. Paroko wa pale alikuwa mfupi, mwepesi wa hatua, asiyependa taarifa ndefu.

"Mi sitaki unihesabie ziara," aliniambia wiki ile ile. "Mi nataka huyu fundi. Mabenchi yote ya kanisa ametengeneza yeye, na hajakaa hata kwenye moja. Anasema Mungu hayuko. Mama yake analia kwangu kila Jumapili. Tu comprends? Unaelewa? We ulisoma. Nenda umweleze."

Fundi huyo aliitwa Melkiori. Alijifunza useremala katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na mama yake na dada yake, Spesioza. Karakana yake ilikuwa mjini, katika mtaa wa Waislamu, chini ya paa moja na fundi cherehani aitwaye Mzee Ramadhani. Nilipofika mara ya kwanza, Mzee Ramadhani alinitazama toka viatu hadi kola.

"Karibu, Mwalimu. Umetumwa umnyooshe huyu? Mimi nimeshindwa, na sisi tunasali mara tano."

"Mzee ananiombea bure," Melkiori alisema bila kuacha kupiga randa. "Wewe angalau ni kazi yako."

Nilizungumza habari za mbao. Niliondoka nikijua tofauti ya mkaratusi na msindano, na nikaona ziara imekwenda vizuri.

Ziara ya pili niliamua niifanye nyumbani, nimsalimie mama yake, aliyekaa kilimani nje kidogo ya mji, kwenye ardhi waliyorudishiwa. Nimelelewa Gitega, sijui kwenda kwa mtu mikono mitupu. Nilibeba mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na kwa heshima ya mama nikavaa lile koti. Msomi mwenye digrii ya falsafa hakukumbuka kile ambacho mtoto yeyote wa milima yetu anakijua. Mwanamume mgeni, aliyevaa koti, anayeingia na pombe katika nyumba yenye binti wa kuolewa, hajaja kusalimia. Ana maneno ya posa.

Spesioza aliniona, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama aliutazama mtungi, akalitazama koti.

"Nani amekutuma? Ni wale wa Gasorwe?"

"Hapana, mama, nime..."

"Waambie sijabadilika. Nyumba hii ingali na msiba. Hatujaganduka. Siwezi kupokea pombe ya posa."

"Mama, mimi natoka parokia."

Alifikiri kidogo. "Parokia nayo inaoa?"

Tulipomaliza kuelewana alinikaribisha kigoda, na kwa kuwa mtungi ulikuwa umeshaingia, akanieleza. Kuganduka, kwa ambao si wa kwetu, ni sherehe ya kuondoa msiba. Hufanyika muda mrefu baada ya mazishi. Ukoo na majirani hukusanyika, pombe huletwa, maneno husemwa, na mwisho mtoto wa kiume wa kwanza husimama na kuwafungua watu: warudi katika kulima, kujenga na kuoa. Kabla ya neno hilo nyumba haipokei posa. Mume wake alifia kambini na kuzikwa huko. Yeye akasema hataganduka ugenini. Ataganduka kwenye ardhi ya mumewe. Sasa alikuwa amefika kwenye ardhi hiyo, na Melkiori alikataa kusimama.

"Anasema watu wakija watamtaja Mungu," mama alisema. "Nikamwambia sasa wamtaje nani? Akachukua randa yake akaenda mjini. Yule kijana wa Gasorwe anayemtaka Spesioza ni mvumilivu, lakini wazee wake si wavumilivu. Wameanza kuuliza mabinti wa kwingine. Spesioza atazeekea hapa kwa sababu ya kaka yake na Mungu kutosalimiana."

Niliteremka kilima nikiwa na habari ambayo Paroko hakunipa. Yeye alitaka mtu aingie kanisani. Mama alitaka mtu asimame uani kwake. Na kulikuwa na msichana ambaye hakuna aliyemuuliza, anayesubiri wanaume wawili wamalize mjadala juu ya Mungu, mmoja wao akiwa mimi.

Ziara ya tatu niliikuta habari imeshatangulia.

"Hongera, Mwalimu," Mzee Ramadhani alisema, pini mdomoni. "Tumesikia umemposa Spesioza."

"Mke wangu bado hajasikia," nikasema.

Melkiori alicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaweka randa chini.

"Mama amekueleza nusu," alisema. "Nusu nyingine ni hii. Baba alikuwa anaongoza sala kambini. Alipougua, wenzake wa sala wakaja kumwombea. Mimi nikasema tumbebe, zahanati ilikuwa upande wa pili wa kambi. Wakanitoa nje. Wakasema nina mashaka, nitazuia uponyaji. Wakafunga mlango. Waliponifungulia, baba alikuwa ameshakufa. Kwenye mazishi kiongozi wao akasimama akasema Mungu amemchukua kwa sababu anampenda. Watu hao wamerudi pia, Mwalimu. Ni majirani zetu. Nikiita watu waje tuganduke, mmoja atasimama na kusema hivyo tena, na mimi nitakuwa nimempa pombe."

Mzee Ramadhani alizitoa pini mdomoni.

"Sasa usiniambie Kanisa linasema nini," Melkiori aliendelea. "Hayo nitamuuliza Paroko. Wewe unaamini nini, na kwa nini?"

Nilikuwa nimeulizwa. Kwa kanuni za ofisi hiyo ilikuwa saa yangu. Niliipitia tasnifu yangu kichwani, sura baada ya sura, na sikuona hata sentensi moja inayoanza na neno mimi.

"Sijui kwa nini baba yako alikufa," nilisema. "Siamini kwamba Mungu alimchukua. Naamini alikufa kwa ugonjwa, na kwa mlango uliofungwa. Wakati wa vita mimi nilipona, na jirani yangu aliyesali kuliko mimi hakupona. Kwa hiyo siwezi kukuambia naamini kwa sababu nililindwa. Nikisema hivyo namtukana yule jirani."

"Basi umebaki na nini?"

"Nimebaki na mtu mmoja aliyesulubiwa. Aliomba kuokolewa, hakuokolewa. Waliokuwa na uhakika juu ya Mungu ndio waliompeleka msalabani. Naamini kwamba pale Mungu alikuwa upande wake, hakuwa upande wao, na kwamba kifo hakikuwa neno la mwisho juu yake. Ikiwa ni hivyo, basi siku ile kambini Mungu hakuwa na walioshika mlango. Alikuwa ndani na aliyekuwa anakufa, na nje na wewe."

"Hilo unalijua, au unalitaka?"

"Nalitaka. Sina namna ya kukuthibitishia. Nimeliishi kama kweli kwa muda mrefu, na bado sijaona limenidanganya. Nikiacha kusali wiki kadhaa, watu huanza kuwa kazi za ofisi kwangu. Nikirudi kusali, naona tena kwamba ni watu."

"Hiyo ni miwani tu."

"Huenda. Lakini miwani haimweki mtu barabarani. Yuko pale tayari. Inanisaidia nisimgonge."

"Mwenye miwani hapa ni mimi," Mzee Ramadhani alisema, "na leo nimeshona mkono wa kulia kushoto."

Melkiori aliokota kipande cha mbao, akakitazama kama kimenyooka. "Sijakubali," alisema.

"Sawa."

"Lakini hukusema alichukuliwa." Akakirudisha kipande cha mbao mahali pake. "Siku ya kuganduka kuna neno la watu wa dini. Lisemwe na wewe, na useme hayo uliyosema sasa hivi, wale waliofunga mlango wakiwa wanasikia. Ukifanya hivyo, nitasimama niseme neno langu. Ukinigeuzia maneno pale, nitaondoka, na Spesioza atajua ni nani amemponza."

Nilimpelekea Paroko sharti hilo. Lazima mfahamu ugumu wake. Wale waliofunga mlango sasa walikuwa nguzo za kigango, wenye kufagia, kupiga ngoma na kukusanya waumini. Na neno la dini katika msiba wa Mkristo ni la paroko, si la mwajiriwa mwenye digrii.

"Donc," Paroko alisema, "mi ninyamaze kwenye msiba wa Mkristo wangu, na we usimame mbele ya kilima kizima useme eti hujui."

"Ndiyo, Padri."

"Mi nilikutuma umlete kanisani. We unanitoa mimi nje."

"Anayetolewa ni yule aliyesema Mungu alimchukua."

"Huyo ndiye anafungua kanisa asubuhi. Nikimpoteza, iko nani?" Alitembea mpaka dirishani na kurudi. "Na kweli hujui?"

"Sijui."

Alifunga mlango, akaacha Kiswahili na Kifaransa, akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia hajui. Kisha akarudi kwenye Kiswahili na kwenye upesi wake. "Bon. Nenda. Misa ya marehemu nitasoma kesho yake. Anayekuja aje."

Siku ilipofika uwanja wa mama Melkiori ulijaa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, mitungi katikati. Wale wa sala walikaa pamoja, wameoga, wamenyoa, watu wazuri tu. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kama wangekuwa wabaya. Wazee wa Gasorwe walikuwa nyuma kabisa, wageni wasio na maneno siku hiyo, lakini wenye masikio. Spesioza alikuwa akigawa vikombe na hakumtazama mtu.

Nilisimama. Nilizoea kusema mbele ya watu na sikuwahi kusema kwa ufupi namna ile. Nilisema sijui kwa nini mwenye nyumba hii alikufa. Nilisema siamini kwamba Mungu ndiye aliyemchukua, na kwamba kama mlango usingefungwa huenda tungekuwa naye hapa. Nilisema ninayemwamini alikufa akiwa amezungukwa na watu wenye uhakika, na kwa ajili yake natumaini kwamba marehemu hakupotea, na kwamba siku ile mwanawe hakuwa peke yake nje. Nikaketi.

Kisha mmoja wa wale wa sala, Yozefu, yule aliyesema kwenye mazishi, akajiinua nusu.

"Lakini Mungu..."

"Yozefu," mama alisema kutoka kwenye mkeka wake. "Kaa. Kunywa."

Yozefu akaketi. Alipokea kikombe akakiweka chini bila kukinywea, na nikaona kwamba yeye naye alikuwa amerudi kutoka Tanzania na mlango ule mgongoni.

Melkiori alisimama. Aliwatazama wale wa sala mmoja mmoja, mpaka wazee wa Gasorwe wakatazamana. "Baba alikufa," alisema, "na wote tulikuwapo, ndani na nje. Msiba wake umeisha leo. Anayelima alime. Anayejenga ajenge. Anayeoa aoe." Akaketi upesi, kama mtu aliyetua mzigo na hataki kuulizwa ulikuwa na nini. Kando ya mitungi kikombe kilianguka. Spesioza alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, na wanawake wakaanza kuimba.

Pombe ya Gasorwe iliingia kabla mahindi hayajavunwa, safari hii ikiletwa na watu waliotumwa kweli. Paroko alifungisha ndoa. Yozefu alikosekana kigangoni kwa muda, kisha akarudi, na asubuhi akafungua kanisa kama kawaida. Kwa Melkiori hakuna kilichobadilika ambacho ningeweza kukiandika katika taarifa. Aliendelea kusema Mungu hayupo, nami nikaendelea kupita karakanani, mara nyingi katika ziara kavu, kwa sababu tulikuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Sasa nimestaafu na kurudi Gitega. Nina umri ambao mke wangu anauita wa kati, kwa huruma. Siku ya kuniaga, Mkurugenzi mpya aliniuliza mbele ya wafanyakazi nimewaleta watu wangapi katika imani. Nilisema kwamba nimemleta mmoja, na ananisumbua mpaka leo. Walidhani ni mzaha, wakapiga makofi. Nilimaanisha mimi mwenyewe. Mtu hawezi kukaa miaka yote hiyo akiulizwa anaamini nini, na bado akabaki na majibu ya chuo. Kila aliyenipinga alinipunguzia kitu ambacho nilikuwa nakisema tu kwa mazoea. Kilichobaki ni kidogo, na nakishika kwa mikono yote miwili. Ninyi vijana mna majibu mengi katika simu zenu, na mengine ni mazuri kuliko yangu. Ningewaomba tu, kabla ya kumpa mtu jibu, mjiulize kama ninyi wenyewe mngeweza kukaa nalo siku ya msiba wenu.

Mama Melkiori alifariki baada ya mimi kustaafu. Melkiori alinipigia simu mwenyewe.

"Mama aliamini mpaka mwisho," alisema. "Mimi siwezi kusema kwa niaba yake, nitakuwa mwongo. Na sitaki aseme mtu anayejua kila kitu. Njoo wewe."

"Sina kazi tena, fundi. Sina hata ruhusa."

"Paroko amekubali. Njoo useme unachoamini. Usiongeze kitu."

Nilikwenda Muyinga kumzika. Nilisema ninachoamini, sikuongeza kitu, na Melkiori akasogea, nikaketi karibu naye. Watu walipoanza kusali yeye alinyamaza na mimi nikasali, bega kwa bega, wala hakuna kati yetu aliyekuwa akimsubiri mwenzake abadilike.